Barua ya wazi: Mtoto katiwa ndani kwa stika ya karafuu mbili

Assalaam alaykum waheshimiwa. Nawaandikia nyie wa utamaduni, nyie wa elimu na nyie wa polisi hapa kwetu Zanzibar, na naiweka barua hii wazi kila mtu aisome kwa sababu jambo lenyewe si la nyumba yangu peke yangu. Mie ni mwalimu mstaafu, nimesomesha historia skuli za hapa Unguja na za Pemba miaka mingi, na leo nataka tuongee kuhusu ile bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili katikati, ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayetaka kuizungumza kwa sauti.

Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, ana vespa kuukuu aliyoitengeneza mwenyewe kipande kwa kipande, na nyuma ya kiti alibandika stika ya bendera hiyo. Siku moja magharibi akasimamishwa njiani, akaulizwa hichi nini, akajibu, majibu yake hayakupendeza, akapelekwa kituo kimoja cha mjini akalala huko. Hakupigwa, nasema ukweli wake na namshukuru Mungu. Ila usiku mzima aliulizwa maswali matatu yale yale, nani kakutuma, nani kakupa, na wewe chama gani. Asubuhi stika ikakwanguliwa kwa kisu mbele yake, rangi ya vespa ikatoka nayo, akaambiwa nenda, usirudie tena. Kaka yangu yuko safari, kwa hivo mie ndo niliyemfuata, nimekaa kwenye benchi pale tangu alfajiri nikiwa na chupa ya chai, na muda wote ule nlikuwa najiuliza kwa nini maswali yalikuwa yale matatu tu. Swali la nne, ambalo lingewapa faida hata wao, hakuna aliyeliuliza. Kwa nini umeibandika?

Basi nlimuuliza mie. Tulipofika nyumbani, kaoga, kala, nikamkalisha barazani nikamwambia haya baba, nambie hiyo bendera ni ya nini. Akasema shangazi hiyo ndo bendera yetu ya Zanzibar ya asili, ilikuwa inapepea hapa mamia ya miaka kabla hatujachukuliwa. Nikamwambia mwanangu, hapana. Ile ya karafuu ilipandishwa tarehe 10 Disemba 1963 tulipopewa uhuru na Muingereza, na ikashuka tarehe 12 Januari 1964 siku ya Mapinduzi. Siku 33. Hata msimu mmoja wa karafuu haikuumaliza. Iliyokuwepo miaka yote ya nyuma ilikuwa nyekundu tupu, bila ya kitu ndani, ya masultani kina Seyyid Said na kina Barghash, na hiyo nayo kuanzia 1890 ilikuwa inapepea chini ya himaya ya Muingereza. Kijana alinyamaza kidogo, alafu akatoa simu akaanza kutafuta kama nasema kweli. Alipoona ni kweli akaniuliza swali lililoniuma hadi leo, "Sasa shangazi mbona skuli hamkutwambia?"

Na mie nlikuwa mwalimu wa somo hilo hilo.

Nitawajibu nyie kama nlivomjibu yeye. Hatukuwaambia kwa sababu tulikuwa tunaipita Disemba 1963 kama mtu anavopita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali. Tunasomesha Waingereza, tunasomesha vyama, tunafika uchaguzi wa Julai 1963, alafu tunaruka moja kwa moja hadi Januari 12. Sentensi moja tu katikati, kwamba uhuru ule ulikuwa wa bandia, basi. Mie nlikuwa natia hiyo sentensi ubaoni kisha nnageuka upande wa pili ili asije mtoto akanyoosha mkono. Kwa hivo pengo lile tumeliacha wenyewe, na mtoto akikuta pengo hulijaza kwa kitu cha kwanza anachokiona kwenye simu, na kwenye simu kuna klipu zenye muziki mzuri na picha za zamani za Mji Mkongwe na bendera nyekundu inapepea, na hakuna hata moja inayomwambia nani alikuwa anaishi vipi chini yake.

Nikamuuliza tena, haya, sasa unajua ni siku 33, bado unaitaka? Akasema ndio. Nikamuuliza kwa nini. Na hapa naomba waheshimiwa msome polepole mana haya ndo maneno ambayo kituoni yalikuwepo ndani ya kichwa cha yule mtoto usiku kucha na hayakuulizwa. Akasema, "Shangazi, hiyo ndo bendera tuliyokuwa nayo Umoja wa Mataifa. Na karafuu ziko mbili, moja ya kwetu Pemba." Basi. Hakutaja Sultani. Hakutaja Mwarabu wala Mwafrika. Anajua kwamba tarehe 16 Disemba 1963 Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, kiti chetu wenyewe, jina letu wenyewe, na kwamba Kenya bado wamekaa na sie hatupo. Hilo ndo alilokuwa amelibandika nyuma ya vespa.

Sasa ngojeni, mana bibi yake alikuwa anasikiliza.

Mama yangu mie ana miaka 78, macho hayaoni sana lakini masikio mazima. Babake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kutoka bara kuchuma karafuu akabaki, wakawa wanaishi kwenye shamba la bwana mmoja upande wa Dole, wanalima mihogo na viazi chini ya mikarafuu, hawalipi kodi ila wanapalilia na kuangalia shamba. Ndo maisha ya watu wengi yalivokuwa. Ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa 1957 watu wakaanza kugawanyika, huyu Afro, yani Afro-Shirazi, huyu Hizbu, yani chama cha ZNP, na wenye mashamba wakaanza kuwafukuza wale wakaazi waliosikia kwamba ni Afro. Mama alikuwa na miaka kumi. Anasema mihogo ilikuwa bado haijakomaa, wakaambiwa ondokeni, babake akaomba angalau wavune, akakataliwa. Wakalala siku mbili kwa jamaa huko Ng'ambo watu kumi na moja chumba kimoja. Hayo ameyasema mara nyingi, lakini siku ile aliyasema akimtazama mjukuu wake, na akaongeza jambo ambalo mie mwenyewe sikuwa nimelisikia, kwamba siku za sherehe za Sultani yule bwana alikuwa anatundika bendera nyekundu kwenye baraza lake, na wao watoto walikuwa wanakatazwa kupita mbele ya baraza na miguu ya udongo. "Hiyo yenye karafuu siijui," akasema, "mie naijua nyekundu tupu. Lakini nyekundu ni ile ile."

Mtoto alianza kulia. Mie pia.

Na bado hatujamaliza, mana nyumba yetu ina pande mbili. Baba yangu Mungu amrehemu alikuwa mtu wa Wete. Kakake mkubwa, yani ami yangu, alikuwa na duka dogo huko, la mchele na mafuta ya taa na vitambaa, na mwanzo wa Januari 1964 alipanda meli kuja Unguja kuchukua bidhaa. Hakurudi. Hatujui kaburi lake, hatujui siku, hatujui nani. Alikuwa Hizbu kwa kadi tu kama wengi wa mtaa wake, hakuwahi kusimama jukwaani. Bibi yangu mzaa baba alimngoja mtoto wake hadi anakufa, na kila akisikia honi ya meli bandarini Wete alikuwa anatoka nje. Kisha ukaja wakati ule ambao watu wa Pemba wanauita siku za bakora, watu wazima wanachapwa hadharani mbele ya watoto wao, na ndani ya ile familia ya upande wa baba ile bendera ya karafuu mbili ikawa ndo picha ya maisha waliyokuwa nayo kabla ya hayo. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na duka na ami. Baada ya bendera kushuka hawakuwa na duka wala ami.

Baba na mama walioana 1965. Watu wa pande zote mbili hawakuja harusini. Mie ni mtoto wa ndoa hiyo, kwa hivo mtu akiniambia ile bendera ni ya utumwa na ukoloni namuelewa kwa upande wa mama, na mtu akiniambia ni ya uhuru ulioibiwa namuelewa kwa upande wa baba, na yeyote anayeniambia ni kitu kimoja tu na mwingine mwongo, huyo namwambia njoo ukae kwetu siku mbili.

Waheshimiwa, mkitaka kujua kwa nini watu bado wanaionesha, jibu si moja. Wapo wazee wa kule Pemba na wengine Omani na Uingereza ambao ile kwao ni kumbukumbu ya marehemu, wanaiweka ndani ya albamu pamoja na picha za harusi. Wapo wanaoamini kabisa kwamba serikali ya Mohammed Shamte, waziri mkuu wa wakati ule wa uhuru, ilikuwa halali na ilipinduliwa. Wapo, na hili lazima niliseme wazi mana ni kweli, wanaoipenda kwa sababu bado wanajiona wao bora kwa nasaba kuliko wenzao, hao nawajua, nimesikia wanavosema "watu wa kuja" wakidhani hakuna mtoto wa Mnyamwezi karibu. Na wapo vijana kama huyu wa kwetu, na hawa ndo wengi kwa ninavowaona mie, ambao hawataki mfalme, hawajui hata jina la mfalme, wanataka kusema kwamba Zanzibar ilikuwa nchi na wao ni watu wa nchi. Nyie mnawatia wote kapu moja mnaliandika juu "wanataka kumrudisha Sultani".

Sultani gani? Jamshid bin Abdullah aliondoka hapa siku ya Mapinduzi kwa meli yake ya Seyyid Khalifa, akaishi Portsmouth kule Uingereza zaidi ya miaka hamsini nyumba ya kawaida, 2020 ndo akaruhusiwa kwenda Omani, na tarehe 30 Disemba 2024 akafariki Muscat. Mzee wa miaka 95. Hakuna Mzanzibari aliyefunga duka siku ile. Hakuna aliyeandamana. Kama kweli hawa vijana walikuwa wanamngoja yeye basi siku ile tungeona kilio mitaani, na mie nlipita Darajani siku ya pili yake, watu wananunua samaki na kuulizana bei za nauli za boti. Kwa hivo tusiogope kitu kilichokwisha kufa tukaacha kusikiliza kilicho hai.

Kilicho hai ni kipi? Nitawapa mfano mmoja ambao kila kijana anaujua na nyie mnaujua. Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, nchi ya 55, watu wakapiga honi mjini hadi usiku, vijana wakawa wanahesabu lini tutacheza mechi za kufuzu AFCON kwa jina letu. Julai mwaka ule ule uanachama ukafutwa, wakaambiwa kwamba nyie si nchi. Miezi minne. Kijana wa kwetu alikuwa mtoto mdogo bado, lakini hilo analikumbuka kuliko masomo yote nliyomsomesha. Na wazee wao wanakumbuka OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, tuliingia mwisho wa 1992 na Agosti 1993 tukatolewa. Alafu huyo huyo kijana anasoma katiba yetu ilivorekebishwa 2010 inasema Zanzibar ni nchi. Anauliza mkubwa, sisi ni nchi au si nchi? Anajibiwa usiulize. Sasa akikutana na bendera ambayo siku 33 ilipepea kwenye kiti cha nchi, ataachaje kuipenda? Angeipenda hata ingekuwa na picha ya mbuzi.

Na nyie wenyewe mliwahi kulifahamu hilo, haki yenu nawapa. Kuanzia Muungano wa Aprili 1964 hadi mwanzo wa 2005 Zanzibar haikuwa na bendera yake rasmi, miaka arobaini. Serikali hii hii ya Mapinduzi ndo iliyosema hapana, nchi lazima iwe na bendera, na Januari 2005 ikapandishwa hii tuliyonayo, buluu nyeusi na kijani, yenye ile ya Muungano kwenye kona. Nakumbuka siku ile skuli, watoto waliimba hadi sauti zikakauka, watoto wa Afro na watoto wa Hizbu wote, Pemba na Unguja. Ile ilikuwa dawa kwa kiasi chake. Kwa hivo kutaka bendera ya Zanzibar si dhambi, mlishakubali wenyewe. Mnachobishana na huyu kijana ni bendera ipi, na mabishano ya bendera ipi huyamalizi kwa kisu cha kukwangulia stika.

Wengine nao wamepita njia hii. Walibya 2011 walipomkataa Gaddafi walitoa kabatini bendera ya wakati wa mfalme, ile ya 1951, wakaipandisha nchi nzima na hadi leo ndo yao. Je walimrudisha mfalme? Hawakumrudisha. Ilikuwa tu ndo kitu kilichokuwepo kabla ya kile wanachokikataa. Afrika Kusini nako ikawa kinyume chake, ile bendera yao ya zamani ya rangi ya chungwa, nyeupe na buluu, ya miaka ya ubaguzi, watu weupe wengine waliendelea kuitundika na kusema ni urithi wetu, hadi mahakama ya usawa Agosti 2019 ikasema kuionesha ovyo ni lugha ya chuki. Lakini sikilizeni vizuri hukumu ile ilivokuwa, haikusema bendera ifutwe duniani, ilisema kwenye taaluma, kwenye sanaa, kwenye uandishi wa habari inaruhusiwa. Yani mahakama iliangalia mtu anaifanyia nini. Anamtisha nani? Anamkumbuka nani? Anasomesha nini? Hayo ndo maswali yaliyofaa kuulizwa pale kituoni.

Yetu iko katikati ya hizo mbili na ndo maana ni ngumu. Ina kitu cha Libya na ina kitu cha Afrika Kusini. Chini ya ile nyekundu tupu, pale Mkunazini palikuwa na soko la kuuza watu hadi 1873, na hata soko lilipofungwa utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897, na hao watumwa ndo waliokuwa wanachuma karafuu zilizojenga nyumba ambazo leo tunawaonesha watalii. Huwezi kumwambia mama yangu asahau hilo. Na bendera hiyo hiyo Agosti 1896 ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza pale Forodhani, dakika 38, mamia ya watu wakafa au kujeruhiwa, na mizinga ikanyamaza bendera ilipoanguka. Kwa hivo hata ukoloni na bendera ile si hadithi ya mstari mmoja.

Na Disemba 1963 nayo tuisomeshe nzima. Uchaguzi wa Julai Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya nusu, asilimia 54, na bado wakapata viti 13, Hizbu na chama mshirika wake ZPPP wakapata 18 wakaunda serikali. Mtoto akiambiwa hilo ataelewa kwa nini watu wa babu yake mzaa bibi waliuona uhuru ule si wao. Kisha aambiwe na Juni 1961, watu 68 waliouawa kwenye fujo za uchaguzi, wengi wao Waarabu wa mashamba, ili aelewe kwa nini upande wa pili nao walikuwa na hofu. Kisha aambiwe na Januari 1964 bila kuruka, eka tatu tatu walizopewa watu kama babu yangu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumiliki mti, elimu ya bure iliyonisomesha mie, na hapo hapo aambiwe maiti ambazo hazina makaburi, na mmoja wao ami yangu. Mtoto mwenye akili timamu anaweza kubeba yote hayo. Nimesomesha watoto miaka mingi, wanaweza. Sie wakubwa ndo tunaoshindwa.

Ninachowaomba basi. Jengeni chumba. Kama si Beit el Amani basi kwenye jumba la makumbusho la Forodhani, chumba kimoja tu, wekeni bendera zote zilizopepea juu ya visiwa hivi, ile nyekundu tupu, ya Muingereza, hiyo ya karafuu mbili, ile iliyodumu wiki mbili na ushei baada ya Mapinduzi ambayo vijana hawajui hata kama ilikuwepo, kisha ya Jamhuri ya Watu, ya Muungano, na ya 2005. Chini ya kila moja andikeni tarehe, na wekeni sauti za watu. Nyaraka Kilimani karatasi zipo, ila karatasi nyingi ni za Muingereza na za wakubwa, sauti ya mtoto aliyekatazwa kupita na miguu ya udongo haimo, wala ya mama aliyekuwa akitoka nje kila meli ikipiga honi. Bendera ikiwa ndani ya kioo na maelezo yake inakuwa somo. Ikiwa inakwanguliwa kwa kisu gizani inakuwa siri, na kijana wa miaka 19 hapendi kitu kama anavopenda siri. Yule wa kwetu nakuhakikishieni, kabla ya usiku ule marafiki zake wenye stika ile walikuwa wawili watatu, sasa mtaa mzima wanayo kwenye profaili.

Nyie wa polisi nina neno moja zaidi. Mtu akiibeba bendera ile akamwendea jirani yake mweusi akamwambia siku zenu zinahesabika, huyo mkamateni, mie nitakuja kutoa ushahidi. Mtu akiibandika kwenye vespa mwacheni, au msimamisheni mumuulize lile swali la nne, mtasikia mengi ya kuwafaa.

Na nyie vijana mnaoibandika, mana najua mtaisoma barua hii kabla ya waheshimiwa, msinichukulie nimekuja kuwatetea moja kwa moja. Kabla hujaiposti nenda kwa bibi yako umuulize alikuwa wapi 1957. Nenda kwa jirani yako wa Michenzani ambaye babake alipewa nyumba ya kwanza yenye bomba ndani baada ya Mapinduzi, umuulize anaona nini akiona nyekundu ile. Kama baada ya hapo bado unaitaka, basi angalau utakuwa unajua nani anaumia ukipita. Wa kwetu stika hajairudisha. Si kwa sababu ya kituo, kaniambia mwenyewe, ni kwa sababu ya bibi. Lakini ile picha ya kiti cha Umoja wa Mataifa ameiweka kwenye simu yake na mie sijamwambia aitoe.

Waheshimiwa, mama yangu amekubali kurikodiwa. Nlimuuliza jana akasema waje, lakini waje asubuhi, jioni anachoka, na wasimkatize akianza kusema mambo ya mihogo mana hapo ndo penyewe. Picha ya ami yangu pia ninayo, moja tu, amesimama mbele ya duka lake Wete, kanzu nyeupe na koti, nyuma yake imeandikwa bei ya mchele. Naweza kuikopesha kwa hicho chumba mkikijenga, na naomba mkiweka mziweke karibu, picha yake na sauti ya mama. Tupo nyumbani siku zote. Mwenye kutaka kuja atume mtu, na mtaa wowote wa Mwanakwerekwe aulize mwalimu wa historia, ataletwa hadi mlangoni.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, mtoto wa Dole na Wete
Unguja